Florence Nightingale na sahani inayorudi jikoni ikiwa imejaa

Katika nyumba nyingi zenye mzee aliyetoka hospitalini, kuna sahani ambayo kila mtu anaifahamu. Inapelekwa chumbani saa saba mchana, inawekwa juu ya stuli karibu na kitanda, na jioni inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Watoto wanasema bibi amegoma kula. Siku ya kumi nguo zinampwaya, siku ya ishirini hawezi kuinuka bila kushikwa. Malaria au nimonia imekwisha kutibiwa, lakini mgonjwa anazidi kuisha.

Wiki hii nitawasimulia maisha ya mwanamke aliyeliona tatizo hili zaidi ya miaka 150 iliyopita. Wengi tunamjua Florence Nightingale kwa sababu ya Siku ya Wauguzi Duniani, inayoadhimishwa kila Mei 12, siku aliyozaliwa. Tunamkumbuka akiwa na taa mkononi. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu chakula.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, ndipo akapewa jina hilo. Familia yake ya Kiingereza ilikuwa tajiri, na wazazi walipinga vikali binti yao kuwa muuguzi, kwa kuwa wakati huo kazi hiyo ilidharauliwa. Hata hivyo, akiwa kijana alijifunza nyumbani, kwa kuuguza ndugu, akiwamo bibi yake mzaa baba. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kupata mafunzo. Mwaka 1853 alikabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyodai ni lifti ya kupandishia chakula, ili kifike ghorofani kikiwa cha moto na muuguzi asimwache mgonjwa kila mara kwa kushuka jikoni.

Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiongoza wauguzi 38 kwenda kuhudumia askari wa Uingereza waliojeruhiwa na kuugua katika vita vya Crimea. Askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Nyama ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, nyingine ikitoka mbichi. Iligawiwa kwa kupimwa pamoja na mfupa, hivyo kuna aliyepata mfupa mtupu. Mtu mwenye homa na kuhara alipelekewa kipande kigumu kama aliyekuwa mzima. Nightingale alianzisha majiko ya pembeni, akawapikia waliokuwa hoi vyakula laini kama uji wa uwanga na mchuzi, na wauguzi wakawalisha kwa kijiko.

Mei 1855 homa kali ilimwangusha yeye mwenyewe huko Crimea, nusura afe. Aliporudi Uingereza mwaka 1856 hakupata tena afya kamili, na kwa miaka mingi alifanya kazi zake akiwa kitandani. Kwa hiyo kitabu chake kuhusu uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, kiliandikwa na mtu aliyekaa pande zote mbili za kitanda. Aliamini kwamba wagonjwa wengi wanakufa njaa katikati ya chakula tele, kwa sababu anayewauguza haangalii ni lini na kwa namna gani wanaweza kula.

Aligundua kwamba mgonjwa dhaifu mara nyingi hawezi kula kigumu asubuhi, kwa kuwa usiku umemkausha kinywa na kumchosha. Anayeshindwa kikombe kizima anaweza kumudu kijiko kimoja kila baada ya muda mfupi. Alikataza kuacha chakula kando ya kitanda kwa matumaini kwamba mgonjwa atakila baadaye, maana kukitazama kunamwondolea hata hamu kidogo aliyonayo. Alionya pia dhidi ya kutegemea mchuzi wa nyama, kwani ukikaushwa hubaki kitu kidogo sana.

Hilo la mchuzi linatuhusu sana. Familia nyingi hununua mifupa, zikachemsha supu, zikampa mzee maji yake na kuamini amekula. Supu inampa maji na chumvi, lakini misuli inajengwa na protini. Mpe na nyama yenyewe iliyosagwa au kuchambuliwa, samaki asiye na miba, yai, maziwa, au maharage yaliyopondwa. Uji utiwe maziwa na siagi ya karanga. Badala ya milo mitatu mikubwa, mpe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Mketishe wima, kaa naye, usimharakishe. Kisha andika alichokula kweli, ili daktari akiuliza uwe na jibu.

Jambo moja wakati wake halikueleweka vizuri. Leo tunajua kwamba kulala kitandani muda mrefu kunamaliza misuli ya mzee upesi. Akiruhusiwa na daktari, akae kwenye kiti, asimame, atembee hadi barazani akishikwa mkono. Mwili unaotumika ndio unaodai chakula.

Usimlishe mtu aliyelala chali au mwenye usingizi mzito, atapaliwa. Chunguza kinywa, kwani vidonda, fangasi au meno ya bandia yasiyomkaa vizuri humfanya akatae chakula. Choo kigumu, huzuni na baadhi ya dawa huondoa hamu pia. Mwenye kisukari au maradhi ya figo apangiwe chakula na mtaalamu. Akipaliwa mara kwa mara, akiacha kunywa, akianza kuchanganyikiwa au akiendelea kukonda, mrudishe hospitalini.

Mwaka 1860 Nightingale alifungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London. Baba yake alipofariki mwaka 1874, jukumu la mama yake lilimwangukia. Mama huyo, aliyewahi kumzuia asiwe muuguzi, sasa alikuwa haoni na kumbukumbu zimemtoka. Binti, mwenyewe akiwa mgonjwa, alisimamia matunzo yake hadi mama alipofariki mwaka 1880, akiwa amevuka miaka 90. Florence alimfuata mwaka 1910, naye akiwa na umri wa miaka 90.

Kesho sahani ikirudi imejaa, usiseme mzee amegoma. Iondoe, ngoja kidogo, kisha urudi na vijiko vitatu vya kitu laini na kiti cha kukalia wewe.