Wahome Mutahi na Jukwaa Lisilokuwa na Tuzo

Katika shule na vyuo vya Meru na Embu, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, msimu wa tamasha za maigizo hauishi kwa kutangazwa kwa washindi. Hapo ndipo mjadala unapopamba moto. Waamuzi hulaumiwa kwa kuutuza mchezo uliowaacha watazamaji wakipiga miayo, na mchezo ulioutikisa ukumbi hurudi nyumbani mikono mitupu. Mabishano haya ni makongwe kama tamasha zenyewe, ambazo zilianza mwaka 1959, na kiini chake ni swali ambalo uhakiki wa fasihi haujalitatua: ni nani mwenye haki ya kuupima mchezo wa kuigiza? Ni wachache wanaowasilisha swali hilo kwa uzito kama Wahome Mutahi, mtunzi aliyetuzwa kwa kazi moja na kupendwa kwa nyingine.

Mutahi alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1954 wilayani Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya ukitazamwa kutoka Meru. Ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipowaweka Wagikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la watu wa kushukiwa. Alisomea katika seminari ya Kikatoliki akiwa na nia ya kuwa kasisi. Upadri haukutimia, lakini mafunzo hayo hayakupotea bure. Msomaji wa maandishi yake hukutana kila mara na lugha ya mimbari iliyopinduliwa ikawa kichekesho: toba, ungamo, mahubiri na majina ya watakatifu yakitumiwa kuelezea mambo ya baa, ya mke mkali na ya mshahara usiofika mwisho wa mwezi.

Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliingia katika utawala wa mikoa akawa Afisa wa Wilaya, yaani D.O. kama wananchi walivyozoea kusema, na alihudumu kwa kipindi kifupi Meru na Machakos. Waandishi wengi waliozungumzia maisha yake hupita hapa kwa haraka, jambo ambalo si la haki. Utawala wa mikoa katika Kenya ya miaka hiyo ndio uliokuwa mkono wa dola vijijini. Ndio uliosimamia mabaraza, uliotoa vibali vya mikutano, na ndio uliokuwa na sauti kuhusu kama mchezo wa kuigiza utaonyeshwa au utazimwa. Mwaka 1977 mchezo wa Kigikuyu wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii na kuigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu, ulikuwa umesimamishwa kwa kunyimwa kibali na utawala huo huo. Hivyo, kijana aliyekuja baadaye kuwacheka watawala jukwaani alikuwa kwanza ameketi nyuma ya meza yao. Aliyajua mavazi yao, mwendo wao, na namna wanavyotamka maneno wanapohutubia raia waliosimama juani. Yamkini hakuna shule ya uigizaji ambayo ingemfunza hayo.

Hakudumu katika kazi hiyo. Aliingia katika uandishi wa habari, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 akaanza kujulikana kwa safu ya Whispers, ambayo hatimaye iliota mizizi katika gazeti la Sunday Nation. Mhusika mkuu, Whispers, ni mwanamume wa makamo aliyetoka Nyeri, mpenda pombe, mwoga wa mkewe, ambaye amepachikwa jina la Thatcher. Binti yao ni Pajero, na mama mzazi wa Whispers ni Appepklonia. Lugha ya safu hiyo ilikuwa Kiingereza kwa jina tu. Ndani yake mlikuwa na Kiswahili, Kigikuyu na Sheng, na mara nyingi kichekesho kilikuwa katika ule mpito wa kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta mifano ya kubadili msimbo katika maandishi ya Kenya hana haja ya kwenda mbali. George Ogola, mtafiti aliyeichunguza safu hiyo kwa kina zaidi kuliko wengine, ameonyesha jinsi kisa cha nyumba moja kilivyogeuka kuwa kioo cha siasa ya nchi nzima wakati ambapo kuisema siasa waziwazi kulikuwa hatari.

Hatari hiyo ilimfika mwenyewe. Mwaka 1986, katika msako wa watu waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya, alikamatwa pamoja na ndugu yake Njuguna. Alizuiliwa katika jengo la Nyayo House jijini Nairobi, mahali ambapo washukiwa waliteswa katika vyumba vya chini, kisha akahukumiwa kifungo cha miezi 15 gerezani. Alipotoka aliandika riwaya mbili zilizotokana na yale aliyoyaona. Three Days on the Cross, yaani Siku Tatu Msalabani, ilitoka mwaka 1991, na inasimulia mateso ya watu wasio na hatia mikononi mwa polisi wa siri wa nchi ambayo haitajwi jina. Jail Bugs ilifuata mwaka 1992 na kumwingiza msomaji gerezani. Riwaya ya kwanza ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1992.

Tuzo hiyo ilikuwa na uzito wake. Chama cha KANU kilikuwa bado madarakani chini ya Rais Moi, na kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kilikuwa kimefutwa Desemba 1991 tu. Kumtuza mfungwa wa zamani kwa kitabu kinachofichua mateso lilikuwa tendo la ujasiri kwa waliolifanya. Hata hivyo, kwa mtazamo wa kisanaa, Three Days on the Cross si kazi iliyo bora kuliko zote za Mutahi. Ni riwaya nzito, yenye hasira iliyo halali, lakini ile sauti ya pekee ya kicheko iliyomtofautisha na waandishi wengine wa kizazi chake imenyamazishwa humo. Waamuzi walituza kile walichokuwa wamezoea kukitambua kuwa fasihi: riwaya, ya Kiingereza, iliyochapishwa, yenye maudhui ya huzuni. Kicheko kilibaki nje ya mlango.

Nje ya mlango huo ndiko Mutahi alikohamia katika miaka ya 1990. Akiwa na kundi lake la Igiza Productions alianza kutunga na kuigiza tamthilia kwa Kigikuyu, na kuzipeleka si katika Ukumbi wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1952, bali katika baa na hoteli za Nairobi na za miji ya wasemaji wa Kigikuyu. Miongoni mwa tamthilia hizo ni Mugathe Mubogothi na Makaririra Kioro. Kichwa cha ile ya kwanza kinatosha kueleza ujasiri wake. Mugathe ni neno la heshima ambalo lilikuja kutumiwa kwa rais, sawa na Mtukufu katika Kiswahili, na mubogothi ni mtu anayeweweseka, anayepayuka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kuyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega, wakati picha ya Mtukufu ilipokuwa imetundikwa ukutani katika kila duka na kila baa, ni tashtiti ambayo haikuhitaji maelezo. Mutahi mwenyewe alipanda jukwaani kuigiza.

Tuyatazame mazingira ya uigizaji huo, kwa maana ndiyo yaliyozua utata. Baa si ukumbi. Hakuna pazia wala safu za viti zinazotazama upande mmoja. Mtazamaji ana chupa mezani, ana haki ya kuinuka, kuongea na jirani, kumjibu mwigizaji, na akichoshwa anaipa kisogo kazi yote na kuendelea na kinywaji chake. Mwigizaji hana budi kumshika tangu mwanzo na asimwachilie. Vichekesho hukazwa, maneno ya mkato na ya aibu hupata nafasi, na matukio ya wiki hiyo huingizwa papo hapo. Kwa istilahi zetu za darasani, hadhira ile haikuwa hadhira tuli. Ilikaribia zaidi hadhira ya fanani wa ngano kuliko ile ya tamthilia andishi.

Hapo ndipo wapenzi wa maigizo walipogawanyika. Wapo walioiona sanaa ya baa kuwa mzaha mtupu, iliyolegeza ploti na kutegemea matusi ili kuuza bia. Kwao, ukimya wa magazeti ya Kiingereza, ambayo tahakiki zake zililenga zaidi michezo ya Kiingereza ya katikati ya jiji, ulikuwa hukumu ya kutosha. Wengine walishikilia kwamba hii ndiyo tamthilia ya kweli ya wananchi, na kwamba Mutahi alikuwa amepata njia ya kuendeleza kazi iliyokatizwa Kamiriithu, akiitoa uwanjani na kuiingiza mahali ambapo watu tayari walikuwa wamekusanyika bila kuomba kibali cha mkutano. Hoja ya kwanza haiwezi kupuuzwa kabisa, kwa kuwa mchezo unaotungwa kwa ajili ya walevi huwa na udhaifu wake. Lakini wahakiki waliosubiri kuuona mchezo wa Mutahi ukiigizwa kwa utulivu ndipo wauhakiki walikuwa wakisubiri mchezo mwingine, usio wake.

Suala la lugha nalo lina uzito kwa msomaji wa Embu na Meru. Kiembu na Kigikuyu ni lugha za karibu sana, na Muembu angeweza kuketi katika onyesho la Mugathe Mubogothi akacheka pale wenzake walipocheka. Msemaji wa Kiimenti au Kiigembe angetega sikio kwa makini zaidi, na mizaha mingine ingempita. Kwa Mkenya wa Kisumu au Lamu mlango ulikuwa umefungwa. Wapo waliomlaumu Mutahi kwa hili, wakisema kuwa aliyekuwa akiichekea nchi nzima angetumia Kiswahili. Lawama hiyo inapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Katika safu yake alikuwa tayari amewafikia Wakenya wa kila pembe. Jukwaani alichagua lugha ambayo nusu neno lake lilitosha, na tashtiti huishi kwa nusu neno. Hata katika tamasha za shule, michezo hushindanishwa kwa Kiingereza na Kiswahili, ilhali lugha za mama hupata pumzi katika ngoma na nyimbo. Kigikuyu cha Mutahi hakikuwa na kikombe cha kushindania.

Uchaguzi wa Desemba 2002 uliiondoa KANU madarakani. Wapenzi wa Mutahi walikuwa na hamu ya kuona angeicheka vipi serikali mpya, ambayo ndani yake mlikuwa na baadhi ya marafiki wa mageuzi. Hawakupata nafasi hiyo. Machi 2003 alifanyiwa upasuaji ambao ulidhaniwa kuwa mdogo, akazama katika hali ya kutojitambua, na hakuzinduka tena. Alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta tarehe 22 Julai 2003, akiwa na umri wa miaka 48.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, wachapishaji wa Kenya walianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, ambayo imekuwa ikitolewa kwa zamu na ile ya Jomo Kenyatta, na ambayo ina vitengo vya Kiingereza na Kiswahili kwa vitabu vilivyochapishwa. Waandishi wa Kiswahili wamefaidika nayo, na wana sababu ya kulishukuru jina hilo. Lakini kwa masharti hayo, mtunzi wa Mugathe Mubogothi, aliyeijaza baa kwa Kigikuyu usiku baada ya usiku, asingekuwa na cha kuwasilisha mbele ya waamuzi wa tuzo inayobeba jina lake, isipokuwa arudi tena na riwaya yake ya Kiingereza.