Omu: Mwalimu Aliyegeuka Kipimo

Wanafunzi wa sekondari kule Kitui na Makueni hulitaja neno omu kila wakokotoapo ukinzani wa waya. Aghalabu hawajui kwamba neno hilo, kabla ya kuwa kipimo, lilikuwa jina la mwalimu wa shule, kama hao wanaowafundisha.

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka wa 1789. Babake alikuwa fundi wa kufuli aliyejifunza hisabati mwenyewe, kisha akawafunza wanawe. Georg alipoingia chuo kikuu mwaka wa 1805 alipumbazwa na dansi na biliadi, hata babake akaghadhibika, naye akalazimika kuondoka. Akaenda Uswisi kufundisha huku akijisomea, na mwaka wa 1811 akatunukiwa udaktari na chuo kile kile alichokiacha.

Mwaka wa 1817 alianza kufundisha Cologne. Huko ndiko alikoanza kupima umeme. Majaribio yake ya kwanza, ya mwaka wa 1825, yalimpotosha, kwa kuwa betri za siku hizo hazikutoa nguvu thabiti. Hakukata tamaa. Alitumia bismathi na shaba zilizounganishwa, kiungo kimoja kikiwa katika maji yachemkayo na kingine katika barafu, akapata umeme usiobadilika. Kisha akaunga, kimoja baada ya kingine, vipande vinane vya waya wa shaba vyenye urefu tofauti. Waya ulipozidi urefu, mkondo ulipungua. Matokeo kamili aliyatoa katika kitabu chake cha mwaka wa 1827.

Je, alishangiliwa? La hasha! Kitabu kilipokewa kwa ubaridi, naye akajiuzulu kazi na kuishi miaka kadhaa katika dhiki. Heshima ilichelewa: nishani ya Copley ya London mwaka wa 1841, na uprofesa Munich mwaka wa 1852, miaka miwili tu kabla ya kifo chake. Mkutano wa Paris wa mwaka wa 1881 ndio uliolithibitisha jina lake kuwa kipimo cha kimataifa.

Yafaa tujiulize basi: kwa nini sheria iliyozaliwa kwa kupima, kukosea na kupima tena ifundishwe kwa kukaririwa tu? Mwanafunzi ataandika kwamba volti 6 zikigawanywa kwa mkondo wa ampea 0.5 ukinzani ni omu 12, apate alama zake, asijue amesema nini. Mpeni waya huo aushike. Mwambieni aongeze urefu wake maradufu, kisha asome amita: ukinzani utafika omu 24, na mkondo utashuka hadi karibu ampea 0.25.

Ohm mwenyewe alihitaji mfano. Alilinganisha mwendo wa umeme na mwendo wa joto ulioelezwa na Mfaransa Joseph Fourier. Mwalimu wa Ukambani ana mfano wake mlangoni. Katika mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito ya msimu ya Kitui na Makueni, maji hupenya polepole, kwa maana mchanga unayakinza. Mteremko ni volteji, maji ni mkondo, mchanga ni ukinzani. Mtoto aliyewahi kufukua kisima mtoni ameshaielewa nusu ya sheria hiyo kabla ya kuingia darasani. Wajibu wetu walimu ni kumwonyesha nusu iliyobaki.