Habari za John Peter Altgeld, Mtoto Aliyezuiliwa Shule

Katika yubilei hii wengi wataeleza habari za shule zetu za kwanza, na jinsi baadhi ya wazee wetu walivyoona uchungu kuwatoa watoto wao waende kusoma. Sisi nasi twapenda kueleza habari za mtoto mmoja wa nchi ya mbali, aliyezuiliwa shule na baba yake mzazi, wala si katika nchi isiyo na vitabu, bali Marekani. Jina lake ni John Peter Altgeld, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa jimbo la Illinois.

Alizaliwa Ujerumani, katika kijiji cha Niederselters, nchi ya Nassau, tarehe 30 Desemba mwaka 1847. Hakuijua nchi hiyo, kwa maana alikuwa mtoto mchanga wa miezi michache wazazi wake walipomchukua wakavuka bahari, mwaka 1848. Wakafika jimbo la Ohio, wakakaa shamba karibu na mji wa Mansfield. Walikuwa watu maskini, na elimu ya vitabu hawakuwa nayo. Mali yao ilikuwa mikono yao na mikono ya watoto wao, na huyu John Peter ndiye aliyekuwa mkubwa.

Yafaa tueleze kidogo hali ya wageni siku zile. Wazee wa pwani yetu waliwaita Wajerumani Wadachi, na ajabu ni kwamba Wamarekani nao waliwaita kwa jina lililo karibu na hilo, lakini kwao lilikuwa jina la dharau. Katika miaka ya 1850 kilitokea chama cha siasa kilichotaka wageni wasipewe vyeo wala sauti katika nchi. Basi mtoto wa Kijerumani alikua akijua kwamba usemi wa nyumbani kwake wachekwa njiani. Tena huyu mtoto alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka kidogo, hata maneno hayakutoka vyema kinywani mwake. Alipokuwa mtu mzima alifuga ndevu, na kovu lile likafichika.

Baba yake hakuipenda shule. Aliona kwamba mtoto akienda kukaa mbele ya mwalimu, siku ile kazi ya shamba hupungua, na akirudi na maneno ya vitabuni huenda akamdharau baba yake. Tusimhukumu upesi. Sisi tulio walimu tumekaa barazani kwa wazee wengi wenye hoja hizo hizo, na mara nyingi si ubaya wa moyo, ila ni njaa na hofu. Mtu aliyehama nchi yake na kuanza upya ugenini hana kitu ila kile akionacho leo, na elimu ni kitu cha kesho. Hata hivyo mtoto aliumia. Alipata mafundisho ya vipindi vichache tu, na siku nyingine zote alishika jembe.

Ndipo vita ikaja. Mwaka 1864, majimbo ya Kaskazini yakipigana na yale ya Kusini yaliyokuwa yakishika utumwa, Ohio iliita vijana watumike siku 100. John Peter alikuwa na miaka 16. Akajiandikisha katika kikosi cha 164 cha Ohio, akapelekwa Virginia kulinda ngome za mji wa Washington. Wasimulizi wa maisha yake husema ya kwamba alipewa dola 100 kwa kujiandikisha, naye akampa baba yake dola 90, akajiwekea 10. Twaona hapa namna ya kijana huyu: baba alimzuilia shule, naye hakumzuilia baba haki yake. Huko Virginia alishikwa na homa kali, karibu kufa, na homa hiyo haikumwacha kabisa, ikamrudia mara kwa mara maisha yake yote.

Aliporudi alikuwa ameona miji na watu, wala hakuweza tena kuridhika na jembe peke yake. Akaanza kusoma vitabu vya jirani mmoja aliyekuwa navyo, na ingawa baba hakupendezwa, akaingia shule, kijana mkubwa kati ya watoto. Hilo si jambo dogo. Kila mwalimu aliyepata kumpokea mwanafunzi mwenye ndevu katika darasa la wadogo ajua jinsi aibu inavyomfukuza mtu kama huyo kabla ya mwezi kwisha. Huyu hakufukuzwa. Alijifunza hata akafaa kuwafundisha wengine, akawa mwalimu wa shule ya shamba katika Ohio. Alipokuwa na miaka 21 hivi aliiacha nyumba ya baba yake, akaelekea magharibi, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliiendea kwa miguu. Nyuma alimwacha Emma Ford, binti wa huko kwao, ambaye alimpenda lakini hakuwa na mali ya kumposea.

Akafika Missouri. Akafanya kazi ya kibarua, kisha akaenda Arkansas katika kujenga njia ya reli, na huko homa ikamwangusha tena. Akarudi Missouri dhaifu, akakaa katika mji mdogo wa Savannah. Pale akafundisha shule, na saa za usiku akasoma vitabu vya sheria. Wakati ule mtu aliweza kuwa wakili pasipo kupita chuo kikuu: alisoma vitabu chini ya wakili mwenye ujuzi, kisha akahojiwa na mahakama. Kwa mlango huo mtoto wa shamba aliingia. Mwaka 1874 watu wa wilaya ya Andrew wakamchagua kuwa mwendesha mashtaka wao, na mwaka uliofuata akahamia Chicago, mji mkubwa ambao haukumjua kabisa. Alipopata riziki alirudi Ohio, akamwoa Emma, mwaka 1877.

Habari za utajiri wake twazipita upesi. Alinunua viwanja na kujenga nyumba, akawa mtu wa mali nyingi. Lililo kubwa kwetu ni kwamba utajiri haukumsahaulisha wale walioko chini. Mwaka 1884 alitoa kitabu juu ya magereza na mahakama, akionyesha kwamba wengi wafungwao ni maskini waliokosa malezi na mafundisho, na kwamba gereza lawaharibu zaidi badala ya kuwatengeneza. Mwaka 1886 akachaguliwa kuwa jaji, na mwaka 1892 watu wa Illinois wakamchagua kuwa Gavana. Kabla yake jimbo hilo halijapata Gavana aliyezaliwa nchi ya kigeni.

Sasa twafika penye jaribu lake. Mwezi wa Mei mwaka 1886, katika mkutano wa wafanya kazi wa Chicago mahali paitwapo Haymarket, mtu asiyejulikana alitupa bomu, na askari polisi 7 wakafa. Watu 8 wakahukumiwa, na wengi wao walikuwa wageni wa Kijerumani. Wanne wakanyongwa mwaka 1887, mmoja akafa gerezani, na watatu wakabaki kifungoni: Samuel Fielden, Oscar Neebe na Michael Schwab. Gavana mpya akachukua maandiko yote ya kesi akayasoma mwenyewe. Akaona ya kwamba wazee wa baraza la hukumu walichaguliwa kwa hila, kwamba jaji alikuwa na chuki, na kwamba haikuthibitishwa kuwa mmoja wao alimpa mkono mwenye kulitupa. Tarehe 26 Juni mwaka 1893 akawafungua wote watatu.

Angaliweza kuwafungua kwa kusema anawahurumia tu, na wengi wangalinyamaza. Yeye aliandika wazi kwamba hukumu haikuwa ya haki. Magazeti yakamrukia, wakamwita mgeni asiye na upendo kwa nchi, hata sanamu yake ikachomwa moto. Yule mtoto aliyevuka bahari akiwa mchanga, aliyevaa nguo za askari akiwa na miaka 16 kwa ajili ya Marekani, leo aliambiwa si mtu wa kwao. Mwaka 1894 alimpinga Rais Cleveland pia, kwa kupeleka majeshi Chicago wakati wa mgomo wa reli pasipo Gavana kuyaomba, na maadui wakaongezeka.

Lakini walimu wangependa kusikia jambo jingine. Katika mwaka ule ule wa 1893 alitia sahihi sheria ya kukataza watoto walio chini ya miaka 14 wasitumikishwe viwandani, akamweka mwanamke, Florence Kelley, kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Hapo twadhani alikuwa akikumbuka jembe la Ohio. Tena alitafuta fedha nyingi kwa Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1895 vyuo viwili vipya vya kufundishia walimu vikawekwa kwa sheria, kimoja DeKalb na kimoja Charleston. Alipenda majengo yawe na minara kama ngome za Ujerumani, na majumba hayo watu huyaita ngome za Altgeld. Nchi aliyoiacha kabla ya kuijua, alijenga mfano wake kwa mawe, akaweka walimu ndani.

Mwaka 1896 alishindwa katika uchaguzi. Urais hakuweza kuutaka, kwa kuwa sheria ya nchi ile humtaka Rais awe raia tangu kuzaliwa. Mali yake nayo ikapotea, akarudi kwenye kazi ya uwakili pamoja na rafiki yake Clarence Darrow.

Tarehe 11 Machi mwaka 1902 alikwenda mji wa Joliet, naye ni mgonjwa, akahutubia mkutano kwa ajili ya Makaburu waliokuwa wakipigana na Waingereza huko kusini ya bara letu. Juu ya haki ya Mwafrika katika vita ile tungalitaka kusikia zaidi, lakini si mkutano wa namna hiyo. Alipokwisha kusema akaanguka, na siku ya pili yake akafa, akiwa na miaka 54. Mwili wake ukarudishwa Chicago, wakauweka ndani ya maktaba ya watu wote, na maelfu ya wafanya kazi wakapita wakimtazama, katikati ya vitabu.