Selfridge: Tajiri aliyebaki kulitazama duka lake kutoka nje

WAKAZI wa London wa mwanzoni mwa karne ya 20 walizoea adha moja madukani. Bidhaa nyingi zilifungiwa makabatini nyuma ya kaunta, na aliyeingia bila nia ya kununua aliweza kuonyeshwa mlango. Aliyekuja kuivunja desturi hiyo alikuwa mgeni kutoka Marekani, Harry Gordon Selfridge.

Alizaliwa Januari 11, 1858, huko Ripon, katika jimbo la Wisconsin. Baba yake alikwenda kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na hakurejea kwa familia yake, ingawa vita havikumuua. Alilelewa na mama yake, Lois, aliyekuwa mwalimu. Mwaka 1879 aliajiriwa katika duka la Marshall Field mjini Chicago, akapanda vyeo hadi kuwa mbia.

Machi 15, 1909 alifungua jumba lake la biashara katika mtaa wa Oxford, London. Humo mteja aliruhusiwa kuzishika hariri kwa mkono wake, kula mgahawani, kupumzika maktabani, kisha akaenda zake mikono mitupu bila kusumbuliwa. Kwa wanawake wa wakati ule, ambao sehemu za kukaa kwa heshima katikati ya jiji zilikuwa chache, hilo halikuwa jambo dogo. Usiku madirisha yaliachwa yakiwaka taa.

Julai mwaka huohuo, Mfaransa Louis Blériot aliruka kwa ndege kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Selfridge aliiwahi ndege hiyo, akaiweka dukani. Katika siku 4 watu wapatao 150,000 walikwenda kuitazama. Mwaka 1925 John Logie Baird naye alionyesha humo televisheni yake ya awali.

Mkewe, Rose, alifariki dunia mwaka 1918 kwa homa ya mafua iliyoitikisa dunia. Baada ya hapo breki zilikatika. Alipanga kasri la Lansdowne House, akamwaga fedha kwenye kamari na kwa wachezaji dansi pacha waliojulikana kama Dolly Sisters. Mtu aliyejua bei ya kila kitufe dukani mwake hakuijua bei ya anasa zake mwenyewe. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimkuta na madeni, na alipopita umri wa miaka 80 wakurugenzi, ambao duka lao lilimdai zaidi ya pauni 100,000, walimwondoa kwenye uongozi kwa malipo kidogo ya uzeeni.

Alihamia Putney, kwenye nyumba ya kupanga. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda basi hadi mtaa wa Oxford, akasimama kando ya barabara katika koti lililochakaa, akiinua macho kulitazama jengo lenye jina lake. Wapita njia hawakumtambua.

Alifariki dunia Mei 8, 1947, akiwa na umri wa miaka 89, akazikwa Highcliffe, karibu na mkewe na mama yake.