Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyezunguka Afrika akihesabu magonjwa

Kila tunapozungumzia presha na kiharusi kwenye vipindi vyetu vya afya, wasikilizaji wa Kibaha na Kisarawe huturudishia swali lile lile. Je, mafuta mengi kwenye damu, yaani lehemu, ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye magari, au na sisi tunaolima mihogo na korosho unatuhusu?

Ili kulijibu, leo tunawaletea maisha ya daktari aliyefanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki kwa miaka 20. Jina lake ni Denis Burkitt. Hospitali za dunia nzima zinamjua kwa sababu ipo saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake. Sisi tunamkumbuka kwa jambo jingine pia: alikuwa mtu wa kuhesabu nani anaumwa nini, na wapi.

Alikotoka

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe wakati watoto wakigombana, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akaacha na kuingia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni barani Afrika, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya lile jicho.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta. Alikuja na jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipata kazi Uganda na kupelekwa Lira, katika eneo la Lango.

Huko Lira alikutana na ugonjwa ambao sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa: mabusha. Aligundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya wanaume wengi walikuwa nayo, lakini upande wa magharibi ilikuwa nadra. Daktari mwingine angefanya upasuaji na kuendelea na shughuli zake. Burkitt alijiuliza kwa nini kuna tofauti hiyo, akahesabu, akaandika. Tabia hiyo hakuiacha tena.

Safari ya mwaka 1961

Alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1948. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaanza kupekua mafaili na kutuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za nchi nyingi, akiuliza kama wamewahi kuona watoto wa aina hiyo.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kuanza safari ya kuelekea kusini. Walipita Tanganyika wiki chache kabla ya Uhuru wetu wa Desemba 9, wakaendelea mpaka Afrika Kusini. Ilikuwa safari ya kilomita zipatazo 16,000. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lile lile.

Majibu yalionyesha kwamba uvimbe ule unapatikana zaidi sehemu za joto, mvua na mabonde, kule kule kwenye malaria nyingi. Wakati huo huo wanasayansi wa London, wakiongozwa na Anthony Epstein, walichunguza vipande vya uvimbe alivyowatumia Burkitt, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kipya. Ikaja kuonekana pia kwamba dawa za saratani zinaweza kuwaponya watoto wengi wenye uvimbe huo. Yote hayo yalianza na daktari aliyeuliza na kuhesabu.

Kutoka saratani hadi sahani ya chakula

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Huko alikutana na magonjwa ambayo Uganda aliyaona kwa nadra: kidole tumbo, mawe kwenye nyongo, saratani ya utumbo mpana, mishipa ya moyo kuziba. Trowell naye alikuwa ameliona hilo mapema. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika kwenye jarida la utabibu kisa cha Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Fikiria: mgonjwa mmoja tu alikuwa habari.

Burkitt akawaandikia madaktari wa hospitali za misheni barani Afrika na kwingineko, akiwaomba takwimu za kila mwezi. Alichunguza hata choo: kina uzito gani, na chakula kinachukua muda gani kupita tumboni. Watu walimcheka, hakujali. Hoja yake ilikuwa kwamba nafaka iliyokobolewa imeondolewa nyuzinyuzi, na kukosa nyuzinyuzi kunaleta maradhi. Kwa lugha yetu, alikuwa upande wa dona dhidi ya sembe.

Kwenye mihadhara alionyesha mchoro wa watu wanaopiga deki sakafu iliyojaa maji huku bomba likiendelea kumwaga. Ujumbe ulikuwa wazi: fungeni bomba kwanza. Alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 82.

Alipopatia, na palipobaki pengo

Si kila alichosema kimethibitika. Magonjwa mengine aliyoyahusisha na nyuzinyuzi yana sababu nyingi zaidi. Lakini kuhusu lehemu kuna ukweli unaoeleweka. Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo. Nyuzinyuzi laini zilizomo kwenye kunde, maharage, mbaazi na matunda huinasa nyongo hiyo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kuchukua lehemu nyingine kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya, na kiwango kwenye damu hushuka kidogo. Pumba za ngano, ambazo Burkitt alizipenda sana, husaidia choo kuliko lehemu.

Pengo kubwa lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Takwimu za hospitali zinamhesabu aliyefika hospitali. Aliyefia nyumbani, na aliyeishi na tatizo bila kujua, hawamo. Hivyo ugonjwa ukionekana haupo, huenda haupo kweli, au huenda hakuna aliyepima.

Miaka ya 1980 watafiti kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini Kilimanjaro, Morogoro na Mara kupima watu wazima huko huko wanakoishi. Walikuta vihatarishi vya ugonjwa wa moyo ni vichache. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana lehemu iliyozidi, na wenye presha walikuwa kiasi hicho hicho.

Hapa kwetu mabadiliko hayo tunayaona kwa macho. Chipsi mayai zinauzwa Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe mjini mpaka usiku. Mafuta ya kupikia yanamiminwa bila kupimwa. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu. Kisamvu na kunde vimegeuka chakula cha siku mfuko ukiwa mtupu.

Sasa tufanye nini?

Lehemu iliyozidi haiumi. Haileti homa wala kizunguzungu cha kukushtua. Wengi huijua siku mkono unapopooza au kifua kinapobana. Njia ya kuijua mapema ni kupima damu.

Anayehitaji zaidi kupimwa ni aliyevuka miaka 40, mwenye presha au kisukari, mvutaji sigara, mwenye uzito mkubwa, na yule ambaye mzazi au ndugu yake alipata kiharusi au ugonjwa wa moyo akiwa bado na umri mdogo. Kwa kawaida jumla ya lehemu inatakiwa iwe chini ya milimoli 5 kwa lita, ila mtaalamu huiangalia pamoja na mambo mengine.

Kipimo hiki kinahitaji maabara, na zahanati nyingi hazina. Uliza hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa pale Tumbi, na uulize gharama kabla ya kupanda gari. Kama nauli haipo, usikate tamaa. Shirika la Afya Duniani lina jedwali linalokadiria hatari ya moyo bila kupima lehemu, kwa kutumia umri, jinsia, presha, uvutaji sigara, uzito na urefu. Mashine ya presha, mizani na futi vinatosha kuanzia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukienda zahanati kumpeleka mtoto kliniki, na wewe omba upimwe presha na uzito. Andika namba hizo kwenye daftari au kwenye simu yako. Burkitt aliandikia nchi nyingi akitafuta hesabu. Hesabu yako wewe inaanzia kijijini kwako.