Mwalimu Nyerere alisomeshwa na serikali
Msikilizaji, Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, ng'ambo ya ziwa letu. Alianza shule akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma. Kwa kufaulu kwake akaenda Tabora, kisha Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa ufadhili wa kusoma Edinburgh, Uskoti. Alirudi na shahada mwaka 1952, akaja kuidai uhuru serikali ileile. Uhuru ulipatikana 1961. Alifariki 14 Oktoba 1999.

Leo Samia Scholarship huwalipia wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu zaidi masomo ya sayansi. Mzazi wa Bukoba na Muleba, usimkatize mwanao masomo kwa kuhofia ada ya chuo.