Mboya: Aliyewasomesha mamia ng'ambo bila yeye kupata shahada

JINA la Thomas Joseph Mboya linapotajwa, wengi hukumbuka risasi za Julai 5, 1969 katika barabara ya Government jijini Nairobi, ambayo siku hizi huitwa Moi Avenue.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla mauti hayajamfika akiwa na umri wa miaka 38, mwanasiasa huyo alikuwa amebeba mzigo mwingine mzito: kuamua ni kijana yupi apande ndege kwenda kusoma Marekani na ni yupi abaki nyumbani.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 Kilima Mbogo, pembezoni mwa Ukambani, ambako babake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mlowezi. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto huyo alikulia miongoni mwa Wakamba na kuimudu lugha yao kama mwenyeji.

Akiwa na miaka tisa, alipelekwa katika shule ya misheni ya Kabaa, Machakos. Baadaye alihamia Yala, Nyanza, kisha mnamo 1946 akaingia Mang'u. Huko ndiko ndoto ya masomo ilipokatikia. Mshahara wa nyapara haukutosha kumlipia karo hadi mwisho huku wadogo zake nao wakisubiri zamu yao. Aliondoka bila kufanya mtihani wa cheti cha Cambridge.

Badala yake alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kutoka hapo alipanda ngazi kwa kasi ya ajabu. Mnamo 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1955 alikwenda chuo cha Ruskin, Oxford, kwa mwaka mmoja wa masomo yasiyokuwa ya shahada. Mwaka wa 1957 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 akaongoza kikao cha mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Kufikia wakati huo uhuru ulikuwa ukinukia, lakini Kenya haikuwa na watu wa kuuendesha. Afrika Mashariki nzima ilitegemea Makerere na chuo kichanga cha Nairobi kilichofunguliwa 1956. Vijana waliohitimu walikuwa wengi kuliko nafasi, na Uingereza haikuwa na haraka ya kuziongeza.

Mapema 1959, Mboya alizuru Marekani na kuhutubia vyuo kimoja baada ya kingine. Aliporejea alikuwa na ahadi za nafasi nyingi. Shida ilikuwa nauli. Kwa msaada wa mfanyabiashara William Scheinman na wasanii na wanamichezo Weusi maarufu, wakiwemo Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, pesa zilichangwa. Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 waliwasili New York kwa ndege ya kukodi.

Hapo ndipo utata ulipoanza, kwani neno ufadhili lilikuwa na maana nyingi. Chuo kimoja kilisamehe karo yote, kingine nusu tu. Kimoja kilitoa malazi, kingine kikamwachia mwanafunzi ajitafutie kibarua jikoni au maktabani. Tiketi ya ndege haikuwa karo, na barua ya chuo haikuwa chakula.

Serikali ya kikoloni iliushika udhaifu huo na kuutumia. Ilidai kwamba vyuo vingine vilikuwa vya hadhi ya chini na kwamba vijana wangekwama ugenini bila senti. Ni kweli kwamba nia yake haikuwa safi, kwa kuwa ilichelea kupoteza udhibiti wa elimu ya Waafrika. Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya wanafunzi walitaabika kwa baridi na ukata. Wengine walipelekwa kusini mwa Marekani, kama vile chuo cha Philander Smith mjini Little Rock, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa ungali sheria.

Mboya aliyajua hayo yote. Aliyapima, akaona kwamba kusubiri ufadhili kamili ni kusubiri milele. Kijana aliyebaki Kenya bila nafasi alikuwa na hakika ya kukosa. Aliyesafiri alikuwa na hatari, lakini pia alikuwa na mlango. Kwa mtu aliyefungiwa mlango huo kwa sababu ya karo, uamuzi huo haukuwa wa ajabu.

Lawama ya pili ilihusu uteuzi. Waliochuja maombi walikuwa Mboya mwenyewe, Dkt Julius Kiano na Kariuki Njiiri. Wapinzani walisema kuwa mwanasiasa anayegawa tiketi hujinunulia wafuasi. Wengi wa waliosafiri walikuwa Wagikuyu na Wajaluo, jambo lililoakisi mahali shule zilipokuwa. Sehemu kavu kama Kitui, zilizokuwa na shule chache za sekondari, hazingeweza kushindana kwa usawa.

Lawama ya tatu ilitoka ng'ambo. Mnamo 1960 serikali ya Marekani ilikataa kugharimia safari ya pili. Mwezi Julai, Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Upande wa mpinzani wake, Richard Nixon, ulipopata habari, serikali iligeuka ghafla na kutoa ahadi ya kiasi hicho hicho. Seneta Hugh Scott akamshutumu Kennedy kwa kutumia pesa za hisani kusaka kura za Weusi.

Hivyo masomo ya mtoto wa mkulima yakawa mpira wa kupigwa na vigogo wa Washington. Nchini, Mboya aliitwa kibaraka wa Marekani, huku Oginga Odinga naye akiwapeleka vijana nchi za Kikomunisti. Kila kambi ilitoa masomo, na kila kambi ilitarajia shukrani.

Hata hivyo, mavuno hayakatai kuhesabiwa. Kufikia 1963, takriban vijana 800 wa Kenya na nchi jirani walikuwa wamefaidika. Miongoni mwa waliokwenda 1960 ni Wangari Maathai, aliyesomea jimbo la Kansas na kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani mnamo 2004. Wengi walirejea kushika nyadhifa zilizoachwa na Waingereza.

Miaka ya 1970 Mboya hakuwepo tena kuona sura mpya ya biashara hiyo, pale makocha wa vyuo vya Marekani walipoanza kusaka wakimbiaji wa Kenya. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia mnamo 1978. Lakini ufadhili wa wanamichezo, kwa kanuni ya mwaka wa 1973, ulikuwa wa kufanywa upya kila mwaka. Aliyeumia mguu angeweza kupoteza darasa pia.

Mboya alizikwa Rusinga. Alikuwa amehudumu kama waziri wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi, bila shahada ya chuo kikuu.

Swali aliloliacha bado liko hai. Mnamo 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland. Mzazi wa Kalamba au Mwingi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asafiri anastahili kuambiwa mapema ni nini kimelipwa, ni nini hakijalipwa, na nani atabeba mzigo mambo yakiharibika. Mboya alifungua mlango ukiwa nusu wazi, lakini hakumtoza mtu kwa kuufungua.